Shamba Lililogeuka Jeupe

Mahindi yetu hayakufa kwa mpigo mmoja. Yalianza kufia kwenye ncha. Jani lilikuwa kijani mpaka karibu na mwisho wake, halafu ukingo ukawa wa kahawia, mkavu, wa kuvunjika ukiugusa. Juma lililofuata ile rangi ilikuwa imeteremka hadi katikati ya jani. Mmea ulifika kimo cha goti ukakwama hapo. Chini yake, kila tulipomwagilia maji na jua likapanda, ardhi ilitoa unga mweupe mwembamba, utadhani mtu amepita akimwaga majivu. Asubuhi moja niliuchota kidogo kwa kidole nikaonja. Ilikuwa chumvi.

Nilimwambia baba mkwe. Alikuwa ameinama kisimani akikaza fundo la kamba ya ndoo, wala hakuinua uso.

"Ardhi ya huku yote ina chumvi," alisema. "Bahari haiko mbali. Mbona watu wanakula?"

Mkaza mwana habishani na baba mkwe wake, hasa kuhusu ardhi ambayo yeye ndiye aliyeitafuta.

Familia ya mume wangu ilitoka kusini, ng'ambo ya mto Sabaki, kwenye shamba lililogawanywa kati ya ndugu na kugawanywa tena mpaka fungu la mtu likawa halitoshi hata malisho ya mbuzi. Baba mkwe alisikia habari za delta ya Tana, kwamba mto ukifurika huacha tope jeusi na mtu hulima bila kujua mbolea ni nini. Akahama na mke wake, mume wangu akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Lakini alichelewa. Lile tope jeusi la kando ya mto lilikuwa na wenyewe tangu enzi za mababu zao. Alichopata yeye ni ardhi ya pembeni, si mbali na Garsen, ile ambayo mafuriko huifikia mwaka mmoja na kuiruka miaka mingi. Ni udongo mzito wa kijivu. Ukikauka unapasuka nyufa ambazo mguu wa mtoto unaweza kuingia. Ukilowa unanata kwenye jembe, na unalima huku umebeba nusu ya shamba mkononi.

Nilipoolewa, mama mkwe alikuwa ameshafariki. Mume wangu ni mwashi, anafanya kazi Malindi na huja nyumbani kazi ikipungua. Kwa hiyo miaka mingi shamba limekuwa la watu wawili, mimi na baba mkwe. Tumelima pamoja kuliko nilivyolima na mtu mwingine yeyote. Yeye hutangulia mstari mmoja, mimi nafuata mstari wa pili, na tunaweza kukaa hivyo mpaka jua kali bila mtu kusema neno.

Kisima alikichimba mwenyewe, mwaka ambao mvua za masika zilikataa na za vuli zikafuata mkondo ule ule. Ujanani, huko kusini, alikuwa mchimba visima, akiitwa vijiji vya mbali. Kwa hiyo watu walipoanza kusubiri magunia ya msaada, yeye alishika sururu. Alichimba akiwa na umri ambao wenzake walikuwa wanalindwa wasipigwe na jua. Mimi nilikuwa juu nikivuta ndoo za udongo, mume wangu akija anashuka yeye, na kila alipopanda baba mkwe alikagua kama ukuta wa shimo umenyooka. Maji yalipotoka, alikaa chini kabisa kwenye tope na kucheka peke yake. Nilimsikia kutoka juu.

Msimu ule tulikula mahindi ya kijani wakati majirani wetu walikuwa wanakoroga uji wa msaada. Baba mkwe aliwagawia. Watu walikuja kutazama kisima kama wanavyokuja kutazama mtoto mchanga. Maji yale yalikuwa na ladha yake kidogo, hatukuyanywa, tulikuwa na maji ya bomba ya kijijini ya kunywa. Lakini kwa shamba, nani angejali ladha?

Mvua ziliendelea kuwa haba, na sisi tukaendelea kuteka. Msimu wa pili mahindi yalikuwa mafupi kidogo. Wa tatu, ndipo ncha zilipoanza kuungua. Zilianza chini, kwenye upande wa bonde, kisha ule weupe ukapanda taratibu kuelekea nyumbani. Baba mkwe aliongeza mbolea ya dukani. Mahindi yalizidi kudhoofu, naye akaongeza tena. Jamaa mmoja wa ukoo alikuja akazunguka shamba akasema hapana, hili si jambo la mbolea, kuna mkono wa mtu. Baba mkwe alimkaribisha chai, akamsindikiza mpaka njiani, kisha aliporudi akaniambia, "Mkono wa mtu haumei chumvi." Hilo lilinipa moyo. Nilijua kwamba yeye pia alikuwa ameonja.

Nilikuwa kwenye kikundi cha akina mama kinachokutana Garsen. Afisa wa kilimo, mwanamke mdogo kwangu kiumri, alikuja siku moja akatueleza kwamba kuna nafasi ya kupimiwa udongo kwenye maabara, na anayetaka amwambie. Wengi walicheka. Mimi niliinua mkono kabla sijafikiri nitamweleza nini mzee nyumbani.

Nilimwambia jioni ile nikimwekea maji ya kunawa.

"Mnapima udongo kama mnavyopima damu?" aliuliza. "Na ukionekana mgonjwa, mtaulaza wodi gani?"

"Baba, wanataka kujua tu umepungukiwa na nini."

"Umepungukiwa na mvua. Hilo hata mimi ningewaambia bure."

Alikula, akanawa tena, akaenda zake. Nikachukulia hiyo kuwa ruhusa.

Afisa alikuja kwa pikipiki asubuhi, amevaa buti za mpira, na baba mkwe alikuwa ameshavaa shati lake la kanisani. Alikuwa ameamua kwamba mgeni akija shambani kwake lazima amkute mwenyewe. Tulitembea shamba zima kwa kwenda upande huu na ule, si kwa mstari mmoja. Afisa alichimba vishimo vya kina cha shubiri, akachonga kipande chembamba ukutani mwa kila kishimo na kukitia ndooni. Hakuchimba njiani, wala penye kichuguu, wala pale nilipokuwa namwaga majivu. Udongo wa upande wa juu wa shamba aliuweka mbali, wa katikati mbali, na wa chini penye weupe mbali.

"Kwa nini usiuchanganye wote?" baba mkwe aliuliza. "Shamba ni moja."

"Mzee, ukiwa na watoto watatu, mmoja anaumwa tumbo, mwingine jicho, mwingine mzima, utawapa dawa moja?"

Baba mkwe alimtazama kwa jicho la kumpima yeye. Kisha akaanza kumsaidia kuondoa mizizi ndooni. Tulitandaza udongo juu ya magunia safi kivulini ukauke, na yeye akakaa karibu nao akifukuza kuku.

Kabla ya kuondoka, afisa aliomba maji ya kisima. Baba mkwe alienda kuteka mwenyewe, akaleta kikombe kimejaa mpaka ukingoni. Yule dada hakunywa. Alitoa mkobani kifaa kidogo, kama kalamu nene, akakichovya kwanza kwenye chupa yake ya maji ya kunywa, akaangalia namba, kisha akakichovya kikombeni. Akaangalia. Akakisuuza, akakichovya tena.

"Mnamwagilia kwa maji haya tu?" aliuliza.

"Hayo tu," baba mkwe alisema. "Kisima nilichimba mimi."

"Umechimba vizuri, mzee. Nimeona." Alifunika kile kifaa polepole. "Nitachukua chupa moja ya maji pia, yapimwe pamoja na udongo. Mpaka majibu yatoke, punguzeni kumwagilia."

Baba mkwe alifikiri anaambiwa kwamba maji ni haba. Mimi niliona uso wa yule dada, nikaelewa kwamba ni jambo jingine, na nikakaa nalo kifuani siku zote tulizosubiri. Ni vigumu kueleza jinsi nilivyotamani tatizo liwe la udongo. Udongo tuliukuta. Hakuna kati yetu aliyeuumba.

Majibu yalipotoka afisa hakutuma ujumbe kwa simu. Alikuja. Tulikaa nje ya jiko, yeye kwenye kiti cha plastiki, baba mkwe kwenye kigoda chake, mimi chini nikichambua kunde ili mikono iwe na kazi. Alianza na upande wa juu, karibu na nyumba. Huko chumvi bado ni kidogo, alisema, lakini udongo una njaa. Hauna vitu vilivyooza ndani yake, na chakula kinachofanya jani liwe kijani ni kidogo sana. Ile mbolea tunayotia kila tukipanda inaupa chakula kingine, ambacho tayari unacho cha kutosha.

"Ni kama mtu ana kiu, nyinyi mnamwongezea ugali," alisema.

Upande wa chini ndio mbaya. Chumvi ni nyingi kiasi kwamba mizizi inakaa ndani ya maji lakini inashindwa kuyavuta. Na chumvi ya aina hiyo inaushikanisha udongo mpaka maji hayashuki, yanatuama juu kama kwenye sinia. Baba mkwe alikuwa anatikisa kichwa kukubali. Hayo ya maji kutuama alikuwa ameyaona.

"Imetoka wapi hiyo chumvi?" aliuliza. "Zamani haikuwepo kiasi hicho."

Afisa alinitazama kidogo, kisha akamgeukia yeye.

"Mzee, imetoka kisimani."

Mikono yangu ilisimama juu ya kunde.

"Maji ya chini huku yana chumvi," aliendelea. "Si nyingi ya kuonekana kwenye ndoo. Lakini mnayamwaga, jua linayachukua maji, chumvi inabaki. Kesho mnamwaga tena. Mvua kubwa zingekuja zingeiosha na kuishusha chini. Hazikuja."

Sufuria yetu ya maji ya kuogea ilikuwa pale karibu, na ndani yake kulikuwa na ule ukoko mweupe ambao mimi huukwangua kila baada ya siku chache. Niliona macho ya baba mkwe yakienda huko na kubaki huko.

"Kwa hiyo ni mimi nimelimwagia," alisema.

"Hukujua, mzee. Na mwaka ule wa njaa maji haya yaliwalisha. Nimesikia mliwagawia hata majirani."

"Ungekuja mwaka ule na kalamu yako hiyo, ungenikataza?"

Yule dada alifikiri. Nimemheshimu mpaka leo kwa sababu hakujibu haraka. "Mwaka wa njaa? Sijui, mzee. Labda ningekwambia umwagilie sehemu ndogo tu, uchimbe mtaro wa kutolea maji. Lakini kukukataza kabisa na watoto wana njaa, sijui."

Alitueleza la kufanya. Tuache kumwagilia shamba kwa maji ya kisima. Tuchimbe mtaro upande wa chini ili mvua ikija ioshe chumvi na kutoka nayo. Tutafute samadi, nyingi kadiri tunavyoweza, maana udongo mzito ukipata samadi unapumua. Kuna unga mweupe wa mawe unaoitwa jasi, unasaidia kuifungua ile ardhi iliyoshikana, na angejaribu kututafutia mifuko michache tujaribie sehemu moja. Upande wa chini tusitegemee mahindi, labda mtama sehemu ya katikati. Baba mkwe alisikiliza yote, akamshukuru, akamfungia mapapai mawili kwenye mfuko. Pikipiki ilipotoweka, alikata matawi ya mathenge yenye miiba, akayaburuta mpaka kisimani, akakifunika. Ndoo akaining'iniza nyuma ya nyumba.

Baada ya hapo hakwenda shambani. Aliamka mapema kama kawaida, akafagia uwanja, kazi ambayo si yake, akakaa. Nilimpigia simu mume wangu.

"Mwache," alisema. "Baba akivunjika hujitengeneza mwenyewe. Ukimshika utamvunja zaidi."

Kwa hiyo nilianza mtaro peke yangu. Udongo wa chini ulikuwa mgumu kama tofali. Sururu iligonga na kurudi. Nilipiga kamba kutoka mti mmoja hadi mwingine nikafuata kamba. Siku ya tatu hivi, nikiwa nimeloa jasho, nikasikia sauti nyuma yangu.

"Mtaro huo unapeleka maji nyumbani kwako."

Niligeuka. Baba mkwe alikuwa amesimama na fimbo yake, anautazama mtaro wangu kama mtu anayetazama ushonaji mbovu.

"Naufuata mteremko, Baba."

"Mteremko wa macho. Maji hayana macho." Aliingia mtaroni, akachukua chupa ya maji yangu ya kunywa, akaiweka kwa ubavu juu ya ubao, akachuchumaa kuangalia kiputo cha hewa kinaelekea wapi. Kisha akaing'oa kamba yangu na kuifunga upya. Nusu ya kazi yangu ikabidi ifukiwe. Sikumbuki kama nimewahi kufurahi hivyo kwa kazi yangu kuharibiwa.

Tulikuwa bado kwenye mtaro huo kiangazi kilipokaza. Jirani yetu wa upande wa nyika ni mfugaji, mzee wa Kiorma ambaye watu wake wamelisha kwenye tambarare hizi tangu kabla babu yake hajazaliwa. Njia zao za kufikia mto, zile wanazoziita malka, zilikuwa zimezidi kuzibwa na mashamba, na kila kiangazi jambo hilo lilileta maneno. Miaka kadhaa nyuma ng'ombe wake waliingia kwenye mahindi ya baba mkwe. Wazee wa pande zote mbili walikaa, mahindi yakalipwa, mambo yakaisha kwa wazee. Kwa baba mkwe hayakuisha. Walipopishana kwenye barabara ya Garsen kila mmoja alipata kitu cha kutazama upande mwingine.

Sasa alikuja mwenyewe, kwa miguu, asubuhi, akasimama karibu na kisima na kutazama miiba. Mimi ndiye niliyekuwa karibu.

"Salaam aleikum, mama. Kisima imekauka?"

"Aleikum salaam, mzee. Hakijakauka. Tumekifunga. Maji yana chumvi, yameharibu shamba."

"Chumvi?" Aliinua nyusi. "Naweza onja?"

Baba mkwe alikuwa ameshatoka mtaroni, anakuja huku anapangusa tope mikononi. Bila salamu ndefu aliondoa tawi moja, akashusha ndoo, akaivuta, akaiweka chini mbele ya mgeni. Yule mzee alichota kwa kiganja, akanywa, akatulia, akanywa tena.

"Maji hii si mbaya," alisema. "Ng'ombe inapenda chumvi kidogo. Sisi tunahama mbali kutafuta maji namna hii."

"Ng'ombe wako wanaijua njia ya shamba langu kuliko njia ya mto," baba mkwe alisema.

Nilitamani ardhi inimeze. Mfugaji aliifuta midomo yake kwa ncha ya shuka. Hakukasirika, au kama alikasirika alikimeza kile alichotaka kusema.

"Mwaka ile ng'ombe ilikula mahindi yako," alisema. "Wazee walisema nilipe, nikalipa. Lakini mimi sikuja kwako kusema pole. Nilituma watu. Hiyo haikuwa vizuri. Leo nimekuja mwenyewe."

Baba mkwe alitazama ndoo. Mwishowe alinigeukia mimi.

"Yule binti wa kilimo alisema nini kuhusu mifugo na haya maji?"

"Alisema ng'ombe wanaweza kunywa, Baba. Kwao si nyingi."

Akamrudia mgeni. "Nikikupa maji, mimi nataka kinyesi."

Yule mzee alimwangalia kuhakikisha kwamba amesikia sawasawa, kisha akaangua kicheko, kicheko kikubwa, akishika fimbo yake kwa mikono miwili. "Kinyesi? Kwangu iko mlima! Chukua mpaka uchoke!"

Baba mkwe naye akacheka, ingawa alijaribu kuzuia. Ndivyo walivyopatana. Ng'ombe wangepitia upande wa chini, kwenye ile sehemu iliyokufa, wasivuke mtaro. Wachungaji wangeteka wenyewe. Na sisi tungechota samadi kwenye zizi lake la zamani wakati wowote. Mume wangu alikuja kutoka Malindi akajenga birika refu la saruji, na baba mkwe akasimamia kila mstari wa jiwe kama anayejengewa msikiti au kanisa.

Afisa alituonya kuhusu samadi yenyewe. Ile ya katikati ya zizi, palipolowa mkojo, ina chumvi yake pia; tuchukue ile kavu ya zamani ya pembeni, tuirundike kivulini, tuigeuze na kuilowesha kwa maji matamu ya bomba. Tuliibeba kwa mkokoteni wa punda. Tulichanganya na mabua na majani yaliyooza chini ya mathenge, maana chini ya mti ule tunaoulaani kila siku udongo ni mweusi. Nilipofukua rundo baada ya muda, mvuke ulinipiga usoni, na harufu haikuwa tena ya zizi. Ilikuwa harufu ya mvua.

Mvua zilipokuja hazikuwa kubwa, lakini zilikuja. Tulisimama na baba mkwe chini ya paa la jiko tukitazama mtaro. Maji yalijaa, yakasita, kisha yakaanza kutembea kuelekea bonde, rangi ya chai ya maziwa. Baba mkwe alivua viatu akashuka kwenye mvua, akatembea kando ya mtaro mpaka mwisho wake akizibua majani kwa mguu.

Upande wa juu tulipanda mahindi na pojo katikati, kila shimo na konzi ya samadi, na baadaye mbolea kidogo, ile ya kukuzia aliyotuelekeza afisa badala ya ile tuliyoizoea. Katikati tulipanda mtama. Chini tulinyunyiza jasi kwenye kipande kidogo na kingine chote tukakiacha.

Nisitie chumvi kwenye habari hii. Mahindi ya juu yalisimama, yakatoa mashina ya kushikika na magunzi yaliyojaa punje mpaka ncha. Mtama ulikubali, ingawa ndege walichukua fungu lao na zaidi. Kile kipande cha jasi kilimeza maji vizuri kuliko udongo wa kando yake, lakini mbegu nilizojaribu humo ziliota chache, na chache hizo zilikufa. Mahali pengine pote huko chini pakaota nyasi fupi ngumu ambayo mimi sikuijua. Mzee mfugaji aliijua. Alisema ng'ombe wanaipenda, na akaipa jina la Kiorma ambalo baba mkwe hulitamka vibaya makusudi ili amchekeshe.

Tulipima tena baada ya mavuno. Safari hii baba mkwe ndiye aliyechukua udongo, na nilipotaka kuruka kona moja kwa sababu jua lilikuwa kali, alinirudisha. Chumvi ya katikati ilikuwa imepungua. Ya chini, kidogo tu. Afisa alisema kazi kama ile huhesabiwa kwa miaka. Baba mkwe alisema miaka ya nani, ya kwake au ya wajukuu, na yule dada akacheka.

Mwaka huu walikuja wageni kutoka Ozi, wanaume wawili na mwanamke mmoja, wameletwa na afisa. Wao wako karibu na mlango wa mto. Maji ya bahari yakijaa sasa yanapanda mtoni kuliko zamani na kuingia kwenye mashamba ya mpunga. Migomba yao imekauka, na minazi mingine imeanza kuangusha vichwa. Walizungumza Kiswahili cha pwani kilichonyooka, na baba mkwe aliwasikiliza akiwa ameshika kidevu. Walitaka kuona mtaro na samadi. Aliwaonyesha, lakini niliona kadiri walivyoendelea kueleza ndivyo alivyozidi kupunguza maneno yake.

"Yenu ni kubwa kuliko yangu," aliwaambia mwishowe. "Mimi niliweza kufunika kisima. Bahari mtaifunika na nini?"

"Ndiyo tunatafuta, mzee," yule mama alisema. "Kwanza tunataka kujua imefika wapi. Tupime kila shamba, tujue lipi bado ni la mpunga na lipi limekwenda."

Niliwapikia ugali wa mahindi yetu na kunde, na maziwa yalikuwepo, yaliyoletwa kutoka nyumba ya mfugaji asubuhi ile. Walikula vizuri. Yule mama aliniuliza kama mahindi yale ni ya upande wa juu au wa chini, nikamwambia ya juu, akatikisa kichwa na kujiongezea. Waliondoka mapema ili wapate usafiri wa kurudi.

Tulirudi kwenye palizi, yeye mstari wake, mimi wangu. Baada ya muda mrefu baba mkwe alisimama akanyoosha mgongo.

"Unadhani wataweza?" aliuliza.

"Sijui, Baba."

"Hata mimi." Alitazama upande wa chini, ambako nyasi zilikuwa zimefika kifundoni. "Lakini yule mama amesema neno. Wajue kwanza mashamba yapi yamekwenda. Mtu akijua hivyo, halimi akilia."

Akainama tena, akang'oa gugu, akalikung'uta udongo na kulirusha pembeni. Mimi nilikuwa nimebaki nyuma yake kwa mashina machache, nikaharakisha.